Samaki Waliotutazama Tukila

Samaki wa baharini wakiwa hai niliwaona kwa mara ya kwanza Mikumi, pembeni mwa barabara kuu, katika ukumbi wa kulia chakula wa nyumba ya wageni niliyokuwa nimeajiriwa kupika. Kabla ya hapo samaki wa baharini nilimjua akiwa mkavu, kakauka kama ubao, anauzwa kwa fungu sokoni Kilosa. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini, nilipoingia ukumbini na sinia la chai, nikakuta ukutani sanduku la kioo refu kama kitanda, na ndani yake samaki wa bluu mwenye mistari ya njano akaja mpaka kwenye kioo kunikagua uso, nilipiga ukunga. Chai yote ikamwagikia meza ya wateja. Dereva mmoja wa lori alicheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikawa milima, na kila mwenye ujasiri akafungua biashara. Hayo tuliyafurahia. Lakini upepo huohuo uliofungua maduka ulifunga kantini ya shamba la mkonge upande wa Rudewa, nilikopika miaka kumi na mmoja. Tuliitwa mmoja mmoja ofisini, tukaambiwa tumepunguzwa. Mimi nilimuuliza karani aliyetuita, "Nimepunguzwa kutoka nini mpaka nini?" Akanisogezea karatasi ya kusaini. Mdomo wangu tangu zamani huchemka kabla ya sufuria, na hilo mtaliona.

Bosi wangu mpya alikuwa mtu wa Tanga. Alikulia ufukweni, akatajirika kwa kuleta vipuri vya magari, akajenga Mikumi kwa sababu magari ya Iringa na ya Zambia yote hupita hapo. Alivumilia vumbi, nyani na joto, ila kuikosa bahari kulimshinda. Ndipo akaagiza sanduku lile, akaleta maji ya bahari kutoka Dar es Salaam kwa lori, kwenye mapipa ya plastiki, pamoja na samaki saba: yule mkubwa wa bluu na wadogo sita wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Watu walioshuka kwenye magari wakiwa na hamu ya kuona tembo waliingia kula, wakakuta samaki, wakasahau tembo. Bosi akawa anasimama pale kila asubuhi, mikono nyuma.

Mwaka wa pili akaamua kuchukua likizo. Neno lenyewe lilitushangaza, maana tulijua likizo ni ya walimu na makarani, si ya mwenye mali. Angekwenda Mombasa kwa ndugu za mkewe, yeye na watoto, wiki nne. Kazi ya kuwalisha samaki akanipa mimi, akasema mimi ndiye pekee jikoni mwenye mkono wa kipimo.

Alinifundisha gari likiwa tayari linanguruma uani. Chakula cha kopo, vipande vikavu vyepesi kama maganda ya kitunguu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili asubuhi na vidole viwili jioni. Umeme ukikatika, na siku hizo mgao ulikuwa haueleweki, niwashe jenereta mara moja ili pampu ya hewa isisimame. Na maji yakishuka chini ya alama ya plasta aliyoibandika kwenye kioo, nijaze kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la nyuma.

"Una swali, dada?"

"Sina, bosi."

"Nikiwakuta hai," akasema, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari, "wewe ndiye msimamizi wa jiko. Na vile vyumba viwili vya uani ni vyako."

Gari likaondoka. Mimi nikabaki nimeshika kopo la chakula cha samaki kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Niseme kwa nini vyumba viwili vilinigusa hivyo. Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Vidunda, juu mlimani, na magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Kule shamba liko juu, maji yako chini, na kati yake ni kupanda na kushuka. Mimi nililala chumba kimoja na wahudumu wawili. Kwa vyumba viwili ningemteremsha mama nikae naye mpaka mwisho. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu: samaki saba wakiwa hai, mama yangu ana mahali pa kulala. Kwa pupa yangu sikungoja hata bosi arudi. Wiki ileile nilimtumia mama ujumbe ashuke, na mlinzi wa nyumba akanifungulia kimojawapo cha vile vyumba, akisema potelea mbali, bosi mwenyewe ameshakuahidi.

Mama alikuja na kikapu cha ndizi na mkongojo. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye kioo, nikingoja naye apige ukunga kama mimi. Hakupiga. Aliwatazama muda mrefu, akauliza, "Hawa kwao wapi?"

"Baharini, mama."

"Wanajua njia ya kurudi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Saa za alasiri, wateja wakiwa wamepungua, tulikula mimi na mama kwenye meza iliyo karibu na samaki, kwa kuwa nilitaka niwe nao machoni. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kwetu mtu hali mbele ya macho ya mwenzake bila kusema karibu. Hata hasimu yako akipita ukiwa umeshika tonge, unamwambia karibu, naye anasema asante nimeshiba, wote mnajua ni uongo, mambo yanaisha. Sasa samaki wale walikuwa wamezoea watu, na kila tulipoinamia sahani walijipanga kwenye kioo wote saba, midomo inafunguka na kufunga. Mama alishindwa kula. Alinyanyua tonge, akawatazama, akalirudisha.

"Wanatutazama," akanong'ona.

"Mama, wameshakula. Nimewapa kwa kipimo."

"Vidole viwili? Hata kifaranga hashibi."

Nikamkataza kabisa asiwape kitu. Akasema amesikia. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akikaa upande wa kioo, na nilipogeuka kuchukua maji nilisikia kifuniko kikigusa ukingo. Nikirudi namkuta anatafuna kwa utulivu, na yule mkubwa wa bluu naye anatafuna. Nilijua. Nikanyamaza mara mbili tatu, maana kumgombeza mzazi kwa kutoa chakula nalo ni jambo gumu kulianza.

Wakati huo mimi mwenyewe niliendelea na kazi yangu ya maji. Jua la Mikumi na feni za ukumbini zilikuwa zikiyala maji yale, na kila siku yalishuka chini ya plasta. Nilichota majagi mawili ya maji ya mvua kama nilivyoagizwa. Na katika kila jagi nilitia konzi la chumvi ya mawe kutoka stoo, nikakoroga mpaka ikayeyuka.

Hakuna aliyeniambia nitie chumvi. Nililiwaza hilo siku ya kwanza nikiwa nimesimama na jagi mkononi. Lakini mimi ni mpishi. Mtu akikuambia upike maharage hakuambii utie chumvi, anajua una akili. Bosi alikuwa na haraka, gari linanguruma, angeanzaje kunieleza jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba samaki wa bahari anakaa kwenye maji ya chumvi? Nilijisifu kimoyomoyo. Wiki ya pili nikaongeza konzi likawa mawili, nikisema bahari si mchuzi, bahari lazima iwe kali. Na mimi ambaye situmi sahani mezani bila kuonja, maji yale sikuyaonja hata mara moja, niliona kinyaa kwa sababu samaki walikuwa wanajisaidia humo.

Pembeni mwa kifuniko ukaanza kuota unga mweupe. Nikaufuta kwa kitambaa kila asubuhi. Nikadhani ni vumbi la barabarani.

Wiki ya tatu samaki walipunguza kucheza. Wadogo walikaa chini kwenye mchanga, wakihema haraka. Yule mkubwa alikuja mezani kwa kuchelewa, na tonge la mama, ambalo kwa sasa hata hakunificha, alilitazama tu likazama. Mama akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Mwanangu," akasema, "hawa wana kiu."

Nilicheka sana. Nilienda jikoni kuwasimulia wenzangu: mama yangu anasema samaki wana kiu, na wako ndani ya maji! Tukacheka wote, tukagonganisha viganja. Mama alituona kupitia dirisha la kupitishia sahani.

Siku nne kabla ya bosi kurudi niliingia ukumbini asubuhi kufungua mapazia. Nilitazama kwenye kioo nikaona mchanga, nikaona mapovu ya pampu yanapanda kama kawaida, lakini samaki sikuwaona. Nikadhani wamejificha nyuma ya mawe. Nikainama. Walikuwa chini, wale sita, wamelala ubavu, weupe weupe, macho yamezama. Yule mkubwa wa bluu alikuwa juu, amejilaza kama jani, pezi moja linatikisika kidogo. Wakati namtazama pezi lile likaacha.

Na pembeni yangu, sikumsikia akiingia, mama alikuwa amesimama na kipande cha ugali wa jana kwenye vidole vyake. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko.

Niliyoyasema naomba niyaandike yalivyo, maana nikiyapamba nitakuwa nimeongeza dhambi. Nilimshika mkono kwa nguvu, ugali ukaanguka. Nikapiga kelele: "Umewaua! Nilikukataza, hukusikia! Umekuja hapa kuniharibia maisha! Rudi huko mlimani kwako!"

Madereva wawili walikuwa wanakunywa chai. Mmoja alibaki na kikombe hewani. Mhudumu wetu aliyekuwa anapanga vijiko alijishika mdomo. Mimi, niliyelelewa kupiga goti nikimsalimia mama, ambaye sijawahi hata kumkatiza akiongea, nilikuwa nimemshika mkono kama mwizi mbele ya watu. Nilijisikia nikiendelea kupiga kelele na sikujua namna ya kujizuia. Nikamwambia chumba kimepotea, kazi imepotea, yote kwa sababu ya matonge yake.

Mama aliutazama mkono wangu mpaka nilipoutoa. Kisha akainama taratibu kwa magoti yale mabovu, akaokota kile kipande cha ugali sakafuni, akatoka nacho.

Siku hiyo hakula. Nilimpelekea chakula chumbani, nikakikuta baadaye kilivyokuwa, kimefunikwa. Kesho yake nilipoamka alikuwa ameshafika kituoni, na kikapu chake, anangoja gari la Kidodi, njia ya kwenda kwake. Nikamkimbilia, nikapiga goti kwenye kokoto.

"Shikamoo, mama."

Alitazama barabara. Nikadhani hajasikia, kwa kelele za malori. Nikarudia kwa sauti. Mama mmoja muuza ndizi akageuka kututazama sote wawili, akingoja. Mama yangu alisikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kutoa shikamoo kwa mkubwa nikakosa marahaba. Hata wazee wakorofi wa pale shambani, waliotuchukia sisi wa jikoni, waliitikia. Gari likaja, kondakta akampokea kikapu, mama akapanda. Nilibaki nimepiga goti mpaka vumbi lilipotulia, kwa kuwa sikujua mtu anainukaje kutoka kwenye shikamoo isiyoitikiwa.

Samaki niliwazika nyuma ya jiko. Sanduku sikuligusa, niliogopa kuongeza kosa.

Bosi alirudi na watoto wake wamenona na ngozi inang'aa. Nilimngojea mlangoni, nikamwamkia, nikamwambia hapohapo kabla hajashusha mizigo. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Akasimama kama kawaida yake, mikono nyuma.

"Walianza lini kuzubaa?"

"Wiki ya tatu, bosi."

Alipitisha kidole kwenye ukingo, akautazama unga mweupe uliokuwa umeota tena. Kisha akafungua kifuniko, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Alitema palepale sakafuni, yeye mtu safi namna ile.

"Uliongeza maji gani?"

"Ya mvua. Kama ulivyosema."

"Ya mvua peke yake?"

"Na chumvi."

Akageuka kunitazama. Sijasahau ule uso. Haukuwa na hasira, ulikuwa umepigwa butwaa. "Chumvi? Nani alikuambia utie chumvi?"

Akavuta kiti, akakaa, akanieleza polepole kama anamweleza mtoto. Maji ya bahari yanapokauka, kinachopanda ni maji peke yake. Chumvi haiendi popote, inabaki humohumo. Kwa hiyo ukirudisha maji ya mvua matupu, bahari inarudi ilivyokuwa. Mimi kila siku nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi. Na samaki wa bahari hunywa maji, akasema, naye maji yakizidi chumvi yanamkausha, anakunywa na hayamsaidii.

"Hawa wamekufa kwa kiu, dada."

Nilishika meza. Nilimsikia mama waziwazi, pua yake kwenye kioo, na nikasikia kicheko changu kikitoka jikoni. Nikamuuliza bosi, "Na ugali? Mtu akiwapa tonge la ugali?"

"Dogo?"

"Kama punje ya harage."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la huzuni. "Yule mkubwa alikuwa anaupenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nampa kidogo, mke wangu asiponiona."

Nikatoka uani, nikakaa kwenye ngazi ya jiko. Wenzangu wakadhani nimefukuzwa kazi. Kama ningefukuzwa ingekuwa nafuu, ningepata wa kumlaumu. Siku mbili baadaye bosi aliniita akanipa funguo. Mlinzi alimwambia kwamba umeme ulipokatika sikuwahi kuchelewa kuwasha jenereta hata mara moja, na yeye mwenyewe aliona sikumficha kitu. Kisha akasema, "Mjinga ni mimi. Nimemwachia mpishi maji, nikasahau kumkataza chumvi." Alicheka. Nilipokea funguo kwa mikono miwili, nikasema asante, na sikuweza kucheka naye. Vyumba viwili nilikuwa nimevipata. Wa kulala humo nilikuwa nimemfukuza.

Jumapili niliyopewa ruhusa nilipanda gari mpaka Kidodi, kisha nikaanza kupanda mlima kwa miguu, funguo nimezifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia ulisema kweli walikuwa na kiu. Ningemwambia aliyeua ni mimi. Mimi nisiyekosa la kusema nilirudia maneno yale kila kona, na kila kona yalipungua, mpaka nilipouona mgomba wa uani kwetu nilikuwa nimebaki na moja tu.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, sahani mapajani, anakula ugali na majani ya maboga. Saa ile jirani yeyote angepita, mwizi angepita, angemkaribisha. Nikapiga goti mbele yake, karibu kiasi cha kuona mvuke.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama. Nadhani alinitazama kama alivyowatazama wale samaki siku ya kwanza, muda mrefu, bila kupepesa. Kisha akakata tonge, akalichovya, akala. Mama yangu, aliyeshindwa kumeza mbele ya samaki bila kuwagawia, alikula mbele yangu na hakusema karibu. Nilibaki na magoti chini na njaa ya safari nzima tumboni, na macho yangu yakamfuata mkono kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni, tonge kwa tonge. Hakuharakisha. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe.

Alipomaliza alinawa mikono, akaikung'uta maji, akajifuta kwa ncha ya kanga yake.

"Marahaba," akasema.